Skrini Iliyoficha Jina la Mgonjwa

Ndugu waombolezaji, mimi ni dada yake mdogo, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Vitufe.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1971, mtoto wa pili wa fundi saa na mshonaji, akasoma shule ya msingi nyuma ya stesheni, akamaliza sekondari mwaka 1989 na chuo cha ufundi mwaka 1994, akaingia kazi ya kubuni kurasa za kompyuta, yaani kupanga mtu aone nini na abonyeze wapi. Kila alichobuni alimpelekea mama kwanza, na mama akikwama humwambia, "We baba, hiki kitufe umekificha, kwani mimi mwizi?", naye hurudi kuchora upya, kwa kuwa aliamini mtu akipotea, aulizwe aliyechora njia.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1998, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2011 alibuni mfumo wa dawa wa hospitali, kwa haraka, na huo peke yake hakumwonyesha mama. Ukifungua ukurasa wa dozi, jina la mgonjwa lilitoweka. Tarehe 3 Juni muuguzi wa wodi ya pili aliandika dozi ya mgonjwa mmoja kwa mwingine, yule mwingine akafariki, muuguzi akafukuzwa kwa uzembe. Wiki iliyofuata kaka alilirudisha jina juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa, asimwambie mtu kwa nini.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Tarehe 2 mwezi uliopita alinisimulia haya, akaiandikia hospitali barua kwamba kosa lilikuwa lake, si la muuguzi, akaomba yasomwe hapa. Wapo nyumbani waliosema aibu ya marehemu hufukiwa naye, nami siwalaumu, walimpenda, lakini mama alisema, "Soma, mwanangu, kuna mtu anabeba mzigo wetu." Alifariki Jumanne alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Tunawashukuru madaktari, majirani, na wafanyakazi wenzake. Na wewe muuguzi, uliyekuja ukaketi safu ya nyuma, hatujui tukushukuruje, nakala ya barua ninayo hapa, nikimaliza nitakuja nikukabidhi mbele ya wote hawa.

Kaka, umechelewa kuutua mzigo huo, lakini umeutua. Lala sasa, kwa amani.