Bi Pasi, Mpiga Pasi Aliyefundisha Wanawake Kupaza Sauti

Mama yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na ukuta wa kiwanda cha magunia. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba. Baba yake alishona magunia kiwandani humo, na mama yake aliuza maziwa mlango kwa mlango. Tangu utotoni alikuwa mkimya mno. Bibi yake alizoea kusema, “Huyu akipotea, hatutajua mpaka tuhesabu sahani.”

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, akamaliza akiwa wa tatu katika darasa la watoto arobaini na wanane. Hesabu alizipenda, kusoma kwa sauti mbele ya wenzake kulimtoa jasho. Alipofika kidato cha pili, baba yake aliumia mgongo kazini, naye akaacha shule ili wadogo zake waendelee. Hakuwahi kumsimanga mtu kwa jambo hilo, hata siku moja.

Tarehe 2 Februari 1972 aliajiriwa katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali. Kwa miaka arobaini na moja alinyoosha shuka za wodi, makoti ya madaktari na nguo za chumba cha upasuaji, akiwa amesimama kwenye saruji yenye maji, katikati ya mvuke. Huko ndiko wenzake walikomwita Bi Pasi. Jina likamganda hata wajukuu wakadhani ndilo alilopewa na wazazi wake.

Alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976 na fundi wa injini za malori, mtu wa vicheko na maneno mengi, aliyefika hospitalini kushonwa kidole akaendelea kuja hata kidole kilipopona. Walijaliwa wavulana wawili na binti mmoja, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu.

Jambo lililogeuza maisha yake lilitokea tarehe 21 Juni 1994, saa kumi jioni. Akitoka kazini, wanaume wawili walimbana kwenye kichochoro nyuma ya ghala, wakampora mkoba na kumvunja kiwiko cha mkono. Hatua thelathini kutoka pale palikuwa na kibanda cha fundi viatu na watu wanne ndani yake. Hakuna aliyesikia kitu, kwa sababu mama hakupiga kelele. Mfupa uliunga kwa wiki nane. Kilichokataa kupona ni ile aibu. “Nilifungua mdomo,” alimwambia mumewe, “hakikutoka kitu.” Kwa miezi mitano hakwenda kazini bila kusindikizwa.

Januari 1995, akiwa na miaka arobaini na mmoja, alipanda ngazi za mbao hadi ukumbi wa karate uliokuwa juu ya karakana ya useremala. Mwalimu alikuwa fundi saa, mwembamba kama ufito, mpole wa maneno.

“Umekuja kujifunza kupiga watu?” akamuuliza.

“Nimekuja nisiogope njia ya kwenda kazini.”

“Basi chukua ufagio. Hapa kila mtu huanza kwa kufagia.”

Alifagia. Kisha akafundishwa kusimama, kupumua, kuinama kwa heshima, na kurusha ngumi moja ileile mpaka fulana ikamganda mgongoni. Kilichomshinda ni ule ukelele unaotoka pamoja na pigo. Wa kwake ulisikika kama bawaba inayodai mafuta, na wanafunzi wa umri wa wanawe walificha nyuso wasicheke. Mwalimu hakucheka. “Tena,” alisema. Mama akarudia. Alirudia hata nyumbani, akipiga kelele ndani ya mto wa kulalia, mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba.

Mumewe mwanzoni alilichukulia kama mzaha. “Mama watoto, kwani mimi nimekukosea nini?” Jioni moja akamshika mkono ghafla kwa nyuma ili kumjaribu, na kabla hajamaliza kucheka alijikuta amekaa ndani ya karai la nguo zilizolowekwa. Tangu siku hiyo akawa yeye wa kumshikia godoro alipofanya mazoezi ya mateke.

Tarehe 14 Agosti 2001 mama alikuwa akisukuma kitoroli cha shuka kwenye korido ya wagonjwa wa nje. Mwanamume mwenye mwili mkubwa, ambaye kaka yake alikuwa hajahudumiwa tangu asubuhi, alikuwa amepenyeza mkono dirishani na kumkaba koo karani wa mapokezi. Watu walisimama wakitazama. Mama akapaza sauti: “Mwachie!” Walioshuhudia wanasema korido nzima ilinyamaza, hata mtoto aliyekuwa akilia. Akalishika dole gumba la yule bwana, akalizungusha, akamkalisha kwenye benchi. Hakumpiga hata kofi. Akasimama mbele yake mpaka pumzi yake iliposhuka, kisha akamuuliza, “Kaka yako yuko wapi? Twende tumtafutie daktari.” Na wakaenda.

Kesho yake, yule karani na wauguzi watano walimfuata chumba cha kufulia. “Bi Pasi, tufundishe na sisi.” Darasa lilianza kati ya rafu za mablanketi, kila Jumamosi saa tatu asubuhi, na baadaye likahamia ukumbini. Aliwaambia kila siku: kwanza sauti, pili miguu ya kuondokea, mkono uje mwisho kabisa. Mwanamke aliyekimbia akafika kwake salama, alisema, huyo ameshinda.

Mkanda mweusi haukumjia kwa urahisi. Mwaka 2003 goti lilimsaliti. Mwaka 2004 alisahau mfululizo wa mapigo katikati, akabaki ameduwaa. Mwaka 2006 mwalimu alimwambia, “Unapigana na wale wawili wa kichochoroni. Bado.” Wanawe wakamtania kwamba ni Bi Pasi wa kupiga pasi, si wa kupasi mtihani. Yeye alicheka, akafunga mkanda wake wa kahawia, akarudi ukumbini. Alifaulu tarehe 29 Novemba 2008, akiwa na miaka hamsini na mitano. Mumewe, aliyekuwa ameanza kuugua, alipiga makofi kuliko wote. Alifariki mwaka 2011.

Tarehe 3 Oktoba 2019 mama alipata kiharusi kilichopoozesha upande wake wa kushoto. Daktari alitushauri tuandae kiti cha magurudumu. Mama alikitumia, lakini kila asubuhi alihesabu hatua kutoka kitandani hadi dirishani: moja, kisha tatu, kisha zote tisa. Akianguka alisema neno moja tu: “Tena.” Baada ya miezi kumi na minne alipanda zile ngazi za ukumbi kwa fimbo, akafundisha akiwa ameketi.

Mwaka huu moyo ulichoka. Jumamosi ya tarehe 11 Mei 2024 hakuweza kuinuka. Binti yake, aliyekuwa amelikwepa darasa lile kwa miaka zaidi ya ishirini, alichukua ufunguo wa ukumbi akaenda. Aliporudi, mama alimuuliza, “Wamekuja wangapi?”

“Kumi na wanne.”

“Na wewe?”

“Kumi na watano.”

Mama akamshika mkono kwa ule mkono wake wa kushoto, akaukaza. Alituaga nyumbani kwake Jumanne, tarehe 14 Mei, saa tano asubuhi, akiwa na miaka sabini na mmoja.

Ameacha watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba, kitukuu mmoja, dada wawili na kaka mmoja. Ameacha pia mwalimu wake, fundi saa, mwenye miaka tisini na mmoja, aliyeketi nasi hapa, na wanawake zaidi ya mia tatu wanaojua kupaza sauti.

Mama yetu na apumzike sasa, na amani aliyoipigania iwe yake daima.