Mama Lenzi na Sarafu Niliyoipiga Tupa

Miaka thelathini na moja, si mchezo! Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mama Lenzi, mtambuzi wetu wa sarafu za kale, anastaafu. Jina tulimpa sisi, maana lenzi yake haitoki shingoni hata akila.

Alianza kwa kufuta vumbi stoo ya makumbusho yetu. Baba yake alikuwa mchonga mihuri, kwa hiyo Kiarabu alikisoma hata kikiwa kinyumenyume. Wakubwa walipojua, wakamtwisha debe la sarafu za shaba za masultani wa zamani, ambazo hakuna aliyezitaka. Moja kama jino, nyingine kama sikio. Mafundi wa enzi hizo walikata shaba kwa mkasi, wakagonga muhuri, ukiangukia pembeni shauri yako. Neno linaanzia kwenye sarafu hii, linamalizikia kwenye ile. Mama Lenzi anazipanga za muhuri mmoja, anaokota herufi mojamoja mpaka jina litimie.

Sasa mimi. Nilitoka kwenye vyuma chakavu, na wiki ya kwanza tu nikakuta sarafu ameiloweka kutu ilainike, aisome kesho yake. Ina mdomo umechomoza. Nikasema ngoja nimsaidie mama wa watu, nikaipiga tupa mpaka ikawa duara kama kifungo, nikampelekea nikingoja pongezi. Kumbe nyingine zote za muhuri ule zilikuwa na mwanzo tu wa jina la mji zilikogongwa. Mwisho wake ulikuwa kwenye ule mdomo.

Aliigeuzageuza chini ya lenzi mpaka chai ikapoa. Kisha akaniambia, mwanangu, umeinyoa, na habari zote zilikuwa kwenye ndevu. Bosi akataka nirudi kwenye vyuma vyangu. Mama akakataa: nibaki, ila herufi hizo nizitafute mwenyewe.

Miaka kumi na moja karatasi ya sarafu hizo kabatini imesema mji haujulikani. Kila mzigo ukija, mimi naosha, yeye anachungulia. Roho ilikuwa juu: ataondoka na deni langu la herufi?

Jumanne mkulima mmoja kaleta sarafu saba kwenye kopo. Ya tano, yenye umbo la ulimi, ilikuwa ya muhuri uleule, na herufi tatu pembeni. Nilimwita kwa sauti mpaka mlinzi akaja mbio. Mama akasoma mara mbili, akacheka, akaandika karatasi mpya kwa mkono wake. Mji una jina.

Mama, asante kwa kutuvumilia. Kapumzike na wajukuu, afya isikutupe mkono. Lenzi umeniachia mimi. Tupa, tumeona, umeondoka nayo.