Samahani Mzee, Siwashi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, ndugu waamuzi, wazazi wenzangu, ndugu wageni waalikwa, nanyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: habari za jioni.

Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya maonyesho haya ya sayansi. Wanafunzi wananiita Mama Marufuku na wanadhani sijui. Najua sana. Sheria zangu zimebandikwa kila mlango: mezani hakuna moto, hakuna spiriti, hakuna waya uliochubuka, hakuna mnyama hai, hakuna chupa isiyo na jina. Anayeonyesha jiko, tangi lake liwe kavu, na alete picha za jiko hilo likiwaka. Mwaka jana pia zilibandikwa. Basi kwa nini mwaka jana tulimkimbiza kijana wetu hospitali?

Wengine hamkuwepo, niwaeleze. Kijana yule alitengeneza jiko la spiriti. Alilileta likiwa kavu, na picha zake alizipanga vizuri. Akaja mwamuzi, mtu mzima, kalamu mkononi, akamwambia, "Picha za nini? Hebu washa tuone." Kijana akasema sheria hairuhusu. "Kumbe unaogopa jiko lako mwenyewe?" Ndugu zangu, mtoto aliyelelewa katika nyumba zetu atamkatalia vipi mtu wa umri wa baba yake, mbele ya watu? Akaenda maabara, akachukua spiriti, akawasha. Mchana kweupe mwali wa spiriti hauonekani. Akadhani limezimika, akaongeza. Sitaeleza zaidi, kwa sababu mama yake yumo humu ndani.

Tukakaa vikao. Wapo waliosema mtoto ndiye aliyevunja sheria. Jamani! Tumewafundisha watoto wetu kusema "ndiyo" hata kabla hatujamaliza kuwaagiza, kisha tukabandika karatasi ukutani na kutarajia waitumie kutupinga sisi wenyewe? Iliniuma, na mpaka leo inaniuma. Ndipo tukaongeza sheria moja, ambayo ni yetu sisi wakubwa kabla haijawa ya wanafunzi: mwanafunzi akiambiwa afanye lililokatazwa, awe ameambiwa na mwamuzi, mzazi au mgeni, akatae, wala asipunguziwe hata alama moja.

Leo asubuhi sheria hiyo imejaribiwa. Mdogo wake yule kijana, binti wa kidato cha tatu, ameleta jiko lilelile, amelirekebisha. Mwamuzi mmoja, si yule wa mwaka jana, akamwambia maneno yaleyale, utadhani tunarithishana: "Washa tuone." Nilikuwa meza ya jirani. Nilimwona binti akikishika kitambulisho chake kifuani kwa mikono miwili. Akasema, "Shikamoo. Samahani mzee, siwashi." Mwamuzi akamwandikia sifuri, na pembeni akaongeza: hana ushirikiano.

Mzee mwenyewe yupo hapa, na ameniruhusu niyaseme haya. Mchana alikuja ofisini kwetu bila kuitwa, akasema, "Mwalimu, nilikasirika kukataliwa na mtoto. Hata kumuuliza kwa nini sikumuuliza." Mzee wangu, nakuheshimu kwa hilo kuliko unavyodhani. Sifuri imefutwa. Binti amepewa alama zake zote, na amekuwa wa pili. Msije mkasema tumemwonea huruma. Tungemwonea huruma angekuwa wa kwanza. Jiko lake bado linakunywa spiriti kupita kiasi, na tumemwambia.

Ndugu waamuzi, hakuna kati yetu ambaye hajawahi kusema "washa tuone". Tunasema kwa kupenda, tunasema kwa haraka, tunasema kwa mazoea. Nawaomba, kwa heshima zote, tuache. Nanyi wanafunzi, mmemsikia mwenzenu alivyokataa: alianza na shikamoo. Inawezekana.

Mheshimiwa, nimefika mwisho, na nawashukuru nyote mlionipa masikio yenu. Binti, njoo uchukue cheti chako, na kaka yako aliyekufundisha kazi hiyo apande nawe jukwaani. Mheshimiwa mgeni rasmi, ukitaka kumpongeza, kijana huyu atakupa mkono wa kushoto. Tafadhali upokee. Usidhani amekosa adabu. Adabu ndiyo iliyomgharimu ule wa kulia.