Wanaokimbia na Wimbi

Ndugu Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, Ndugu Katibu wa TANU, Baba Paroko, wazee wetu mliotoka Butiama na Bunda, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi ambao tangu asubuhi pua zenu ziko jikoni:

Nimepewa kazi ya kumuaga Mwalimu Stanislausi Ngolo, anayetuacha hapa Musoma kwenda Bunda kuwa mkuu wa shule. Mimi ni mwalimu wa kilimo. Fizikia naijua kama mbuzi anavyoijua redio. Mnivumilie.

Mwalimu Ngolo alirudi kutoka masomoni Ulaya na bomba la kioo, nyaya za sumaku na swali moja. Alitaka kuichoma gesi kwa umeme ndani ya bomba mpaka iwe plazma, yaani gesi ya chembe zenye umeme, aizingire kwa sumaku isiguse kuta, kisha apitishe wimbi na kupima linavyofifia. Nikamuuliza, "Si litakufa tu, kama la ziwani likifika kwenye matete?"

Akacheka. "La ziwani linauawa na linachogonga. Hili linaweza kufa bila kugonga kitu. Chembe zinazokimbia nalo, zikiwa nyuma yake kidogo tu kwa mwendo, ndizo zinazolinyonya nguvu."

Sikumsadiki. Leo namsadiki, tena bila bomba.

Maana nani alimpinga Ngolo hapa? Tulimpenda! Tulimpenda hata tukamfanya katibu wa duka la ushirika, mwalimu wa kwaya, mkalimani wa kila mgeni na, Mama Helena usijifiche, mshenga wa ukoo wenu mzima. Naye, kwa malezi aliyopewa Butiama, hajui kumwambia mkubwa hapana.

Mnaikumbuka Jumamosi ile ya msimu wa pamba. Jenereta ilikubali, bomba likawaka zambarau. Sisi wa dirishani tukaona mwanga, tukasema kazi imekwisha. Na kwetu jambo likiisha si linashangiliwa? Tukaja na zeze letu la litungu, vigelegele na mbuzi, Mama Nyangi mbele.

"Mwalimu, taa si imewaka? Toka ucheze!"

"Mama, ndiyo kwanza naanza kupima. Niacheni mpaka jioni."

"Kazi haiishagi, mwanangu. Wazee wamesimama juani."

Akatoka. Tukambeba mabegani, naye shingo imegeukia mlangoni. Tulipomshusha, nyaya zilikuwa zimeungua kwa kukosa wa kuzizima, na bomba limepasuka. Hakutukaripia. Alikula mbuzi pamoja nasi, akasema nyama ni tamu. Hilo ndilo linaloniuma.

Nyaya nyingine hazijapatikana mpaka leo. Sitasema hatukufaidika; alinifundisha kwamba wimbi likifa hivyo, chembe zile huongezeka mwendo. Kweli, ushirika unakwenda, kwaya inaimba. Lakini jamani, wimbi liko wapi?

Na leo tumekusanyika kumshangilia tena! Ndugu Mkuu wa Wilaya, ukuu ni heshima, ila naomba umwongezee chumba kimoja huko Bunda, chenye mlango unaofungwa kwa ndani. Nanyi wazee wa Bunda… namwona Mzee Keraryo ameshanyoosha mkono, anatafuta mwenyekiti wa kamati ya bwawa. Shusha, mzee wangu. Shusha.

Mwalimu, vipande vya bomba tumevifunga kwenye pamba, viko garini. Leo hatutakubeba. Utatembea kwa miguu yako mpaka kwenye gari.

Ndugu zangu, kwa kunisikiliza nawashukuru. Kwa kubaki mmeketi atakapopita, nitawashukuru zaidi.