Taa ya Col Haifiki kwa Tahlia

Benchi letu liko nje ya duka la mikate la Longreach, mji mdogo wa Australia, upande unaopata kivuli asubuhi. Hapo hukaa Fupi, mrefu kuliko mlango wa duka, aliyejenga nyua za kondoo maisha yake yote. Merle, tunayemwita Redio, sababu utaiona mwenyewe. Na mimi, ninayekuja kwa ajili ya pai. Siku hiyo Col, mzee mwenzetu wa benchi, alikuja na kompyuta yake ya kibao kwapani na uso wa mtu aliyefiwa. Tangu amuuze farasi wa mjukuu wake, Tahlia, mtoto yuko Perth, upande wa pili wa nchi, na hasemi naye. Ila bado wana dunia moja kwenye ule mchezo wa kujenga kwa vitalu, kila mtu na nyumba yake, mbali na ya mwenzake. Kesho ni siku ya kuzaliwa ya Tahlia. Col alitaka kuwasha swichi kwenye nyumba yake ya mchezoni, taa iwake juu ya paa la mtoto, ajue babu bado yupo.

— Imewaka? — Fupi akauliza.

— Wapi! Ule unga mwekundu wa mchezo, unaotumika kama waya, unapitisha umeme vitalu kumi na tano tu, unakata pumzi.

— Si uweke vile vidude vya kuusukuma mbele?

— Nimeweka! Kila unapochoka, kidude. Toka kwangu hadi kwake.

— Basi waya umelegea. Kaza.

— Fupi, ni unga. Unga unakazwaje?

— Ndiyo maana hujafika popote. Hujaweka hata nguzo za kona.

Redio akaweka kikombe chini.

— Nyie wanaume bure kabisa. Perth wako nyuma yetu kwa saa mbili. Umeme ukifika kule, bado haujatumwa!

— Redio, bana!

— Cheka tu. Au kondoo wa humo ndani wanaulamba.

Nisionekane bubu, nikasema labda ni kangaruu.

— Humo hamna kangaruu, — Col akasema kwa huzuni. — Ajabu ni kwamba nikiufuata kwa miguu humo mchezoni, kama tulivyokuwa tukikagua ua wa kondoo, unafika. Nikibaki nyumbani, unafia njiani.

— Unakuogopa huo, — Fupi akasema.

Sunita, nesi mgeni wa hospitali, alikuwa nyuma yetu akisubiri kahawa.

— Samahani, mzee. Mwanangu anaucheza mchezo huo. Pasipo na mtu karibu, ile dunia inalala. Umeme haupiti.

— Kwa hiyo lazima mtu aufuate?

— Lazima. Na wewe ukiufuata, unafika mpaka wapi?

— Mpaka mlangoni kwake. Mlango wa mbao, nilimtengenezea mwenyewe.

— Sasa si upige hodi?

Fupi akaangalia barabara. Mimi nikaangalia pai. Col akakifungua kile kibao, akakifunga tena.

— Na asipoitika? — akauliza polepole.

Redio, mwenye habari za mji mzima, akachukua pai yangu, akamsogezea.