Aliyekalishwa Benchi la Nyuma

Mwaka mmoja baada ya wakombozi kuingia Jinja, sukari ilikuwa bado haijarudi mjini, lakini umbeya haukuwahi kuondoka. Pale Mafubira, kwenye kibaraza cha duka lililoporwa mpaka milango, Hajara aliuza kahawa chungu kwa watu waliofuata maneno zaidi ya kahawa. Isabirye waliyemwita Redio Katwe, kwa kuwa hakuna uvumi uliompita, alikuwapo. Mugweri waliyemwita Daktari, eti kwa kutibu baiskeli, naye alikuwapo. Na Bakhit, fundi viatu, waliyemwita Afande ingawa maishani hajashika bunduki. Babu yake ndiye aliyekuja na jeshi la Wasudani, wale walioitwa Wanubi, enzi za Waingereza, na vita vilipokwisha jina hilo la utani nusura limtoe roho. Jumapili hiyo macho yote yalikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye kanisa la Mchungaji Wamboga. Ibada ilikuwa imekwisha na watu wametoka, ila Nangobi. Alikaa peke yake benchi la nyuma kabisa, na mlango ulikuwa wazi, mgongo wake unaonekana na kila mpita njia.

— Miezi minane sasa anakaa pale, Redio alianza. Mjane wa watu, miaka ishirini na miwili, sauti ya kwaya nzima ni yeye. Anakalishwa huko kama mwenye ukoma. Kosa gani hiyo?

— Kosa hapana semwa, alisema Daktari. Ndiyo desturi yao. Ukikosea, wazee wanakutoa kwaya, wanakufungia meza ya Bwana, unakaa nyuma mpaka wakusamehe. Kosa lenyewe halitangazwi. Eti heshima.

— Heshima! Mtu akipita anaona mgongo, anajua huyu ni mkosaji.

— Mkosaji, ndiyo. Lakini wa nini? Mimi hapo ndipo nataka kujua.

Bakhit alikuwa amegeuza kigoda chake asitazame kanisa. Alipiga funda la kahawa ikamuunguza ulimi.

— Mimi najua, Redio alisema, akiinamisha kichwa kama anayetoa siri ya serikali. Iko mwanajeshi mmoja, mkombozi, alimwachia mimba na sabuni.

— Mimba ya miezi nane, na tumbo liko wapi? aliuliza Hajara.

— Sawa, tuache mimba. Basi ni mpelelezi. Benchi la nyuma unaona kila mtu anayeingia. Anahesabu watu kwa ajili ya uchaguzi.

— Wewe hujui kitu, Daktari alidakia. Sikiliza. Wahindi walipofukuzwa, tajiri mmoja wa Main Street alizika dhahabu yake. Wapi? Mahali ambapo askari hapana chimba. Kanisani! Chini ya benchi la nyuma! Yule maama hajaadhibiwa. Amewekwa kukalia dhahabu.

— Banange! Redio alishangaa. Na mchungaji anajua?

— Mchungaji ndiye mwenye ramani!

Walicheka mpaka Redio akamwaga kahawa yake kwenye goti. Bakhit naye alijitahidi kucheka. Mchungaji Wamboga hakuwa na ramani ya kitu. Alikuwa na funguo. Wakati wa vita, nusu ya Mafubira walilala mle kanisani, Waislamu kwa Wakristo, na unga wa msaada ulifungiwa katika ofisi yake. Serikali ilipoanguka na watu wakaanza kusaka kila aliyefanana na askari wa zamani, ni Wamboga aliyemficha Bakhit siku kumi na tisa nyuma ya rundo la magunia matupu, nje ya ofisi. Vijana wenye mapanga walipofika mlangoni, Wamboga aliwatazama usoni akasema humu hamna Mnubi. Bakhit alikuwa hai kwa sababu ya uongo huo, na alimshukuru Mungu kwa ajili ya mtu huyo kila siku. Hapo ndipo ulimi wake ulipofungwa.

Teksi ya Mbale ilisimama. Akashuka mwanamke wa miaka arobaini hivi, vazi lake la gomesi limekunjamana kwa safari.

— Hamjambo, wazee. Kanisa la Wamboga ndilo lile?

— Lenyewe, maama. Karibu kahawa, alisema Hajara.

— Asante, sitakaa. Mimi Nabifo. Nimekuja kukaa na Nangobi, wazee wa kanisa wanamwita saa nane.

Redio aliruka kwenye kigoda.

— Nyabo, basi tuambie! Alifanya nini hata akakalishwa nyuma?

— Alisema, Nabifo alijibu. Alikwenda kwa wazee akasema mchungaji alimfanya nini kule ofisini, alipofuata unga wa mama yake. Wakamwambia amemchafua mtumishi wa Mungu. Wakamkalisha.

Hajara aliweka birika chini.

— Na wewe umejuaje, kutoka Mbale? aliuliza Daktari, taratibu.

— Wamboga alikuwa kwetu kabla ya vita. Mimi nilikaa benchi la nyuma miaka miwili. Tuko wanne kule. Sasa tukisikia kuna mwingine, mmoja wetu anapanda teksi anakwenda kukaa naye. Basi. Kukaa tu. Hata asiposema neno.

— Kyoka, na sisi tulidhani ni mkosaji, Redio alisema.

— Kila mtu alidhani. Ukiona mtu nyuma, unasema huyu amekosa. Nabifo aliwatazama mmoja mmoja, bila hasira. Sasa mimi nauliza. Mchungaji yeye amekalishwa benchi gani?

Redio Katwe, aliyekuwa na habari ya kila kitu, alitazama kikombe chake. Daktari alikuna kidevu. Swali lilikuwa jepesi, hata mtoto angeliuliza, na miezi minane hakuna aliyelifikiria.

— Wazee wanasema maneno ya wanawake hayatoshi, Nabifo aliendelea. Wanataka mtu mmoja aliyelala mle siku zile, aliyeona. Asipopatikana leo, watamfukuza Nangobi kabisa. Hapa hayupo?

— Tulilala wengi, alisema Daktari. Lakini alfajiri ile nani alikuwa macho?

— Nani amesema alfajiri? aliuliza Bakhit.

Daktari alikumbuka ni Bakhit mwenyewe aliyeitaja alfajiri hiyo siku moja, kisha akageuza maneno. Bakhit aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alikuwa ameamka kuswali alfajiri, kwa siri, nyuma ya magunia. Alipotoa salamu upande wa kushoto, mlango wa ofisi ulifunguka, Nangobi akatoka ameshika debe la unga na kilemba chake kimefunguka, analia bila sauti. Nyuma yake Wamboga alikuwa anafunga mkanda.

Bakhit alisimama.

— Afande, unakwenda wapi? Redio alimshika mkono. Huyo mtu amekuokoa!

— Ndiyo, ameniokoa. Nitawaambia hilo pia.

Alivuka barabara pamoja na Nabifo. Mlangoni alivua viatu, kwa mazoea ya msikitini, akaingia kanisani peku. Nabifo aliketi upande mmoja wa Nangobi, yeye akaketi upande wa pili. Mbele, wazee walikuwa wanapanga viti vyao.

Nangobi hakumgeukia.

— Ulikuwa unaswali, alisema.

— Ndiyo.

— Mwaka mzima nilijiambia hukuniona.



— Nilikuona, alisema Bakhit.