Kasian Lukasi (1962–2025), Fundi wa Tela la Safari

Marehemu Kasian Lukasi alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 katika kijiji cha Kidete, wilayani Kilosa, mtoto wa kwanza wa Mzee Lukasi na Mama Agnesi, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Alimaliza darasa la saba kijijini hapo mwaka 1976, baada ya kuchapwa mara moja kwa kufungua kufuli la ofisi ya walimu. Hakutaka kuiba, alitaka kuona kufuli lilivyo ndani.

Alijifunza kuchomelea vyuma kwa mjomba wake Morogoro, na mwaka 1984 akafungua karakana Kilosa mjini. Tarehe 18 Juni 1988 alifunga ndoa na Selestina, wakajaliwa watoto wawili, Imani na Yusta.

Mwaka 2012, akiwa Mikumi kwa kazi ya mageti, alitengeneza tela lililoharibika la wasafiri wawili, mume na mke. Lilikuwa kijumba kidogo cha kulala kilichovutwa na pikipiki kubwa. Alirudi nyumbani hata hakuketi. "Mama Imani, wale watu wanazeeka pamoja barabarani!" Akanunua pikipiki kubwa iliyotumika, na kwa miaka miwili akaunda tela lake. Watani walimwita Konokono, naye aliitika.

Safari ya kwanza na Selestina, Agosti 2014, haraka yake haikuwa na baraka. Madumu ya maji na jiko aliyapakia nyuma kabisa ya tela. Likaanza kuyumba, na kabla ya kufika Mikumi wote wawili wakawa mtaroni. Hawakuumia, lakini Selestina aliapa kutopanda tena. Kasian alihamishia mizigo mbele, akarefusha mti wa tela, ule unaoliunganisha na pikipiki, likatulia. Kila mwaka alimwalika mkewe. Kila mwaka Selestina, ambaye analima mpunga Tindiga, alijibu, "Ngoja nivune kwanza, Baba Imani. Mwakani." Kasian akaenda peke yake, akarudi na picha za tembo.

Februari mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya ini, akatibiwa Morogoro. Mwezi Agosti, akiwa kitandani, aliuliza, "Na mwaka huu je?" Selestina akamjibu, "Ukipona tu, twende." Alifariki Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Jana Selestina alifungua tela ili atoe godoro. Upande mmoja ulikuwa umebonyea. Upande wa pili palikuwa na mto wa kulalia, bado umo kwenye nailoni ya dukani, umefunikwa kwa khanga ya Selestina mwenyewe, aliyodhani iliibiwa. Alilia sana. Ameomba isomwe hapa kwamba woga ulimwisha zamani; alidhani muda bado upo. Majuto ni mjukuu.

Kwa hiyo leo jeneza litatoka kanisani ndani ya tela hilo. Imani ataendesha pikipiki, na Selestina atapanda nyuma yake. Shemeji yake, Yared, alimuuliza kama ataweza. Akasema, "Mwaka wenyewe ndio huu, shemeji."

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu wanne na mdogo wake, Yared. Mungu ampe pumziko jema. Safari hii haendi peke yake.